Kuondoa kundi la volyumu lililobaki kwenye seva: zima, subiri, ndipo ufute

Ukiingia kwenye chumba cha seva cha SACCOS pale Mbeya mjini, au cha AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa kule Mbozi, si ajabu kukuta mashine iliyopita mikono mingi. Imenunuliwa Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, ikapanda basi, ikaongezewa diski, fundi akahama, mfumo wa mahesabu ukabadilishwa. Ndani yake limebaki kundi la volyumu ambalo hakuna anayelijua. Linaonekana kwenye `vgs`, limeshika diski nzima, na pengine kila amri ya LVM (mfumo wa kukusanya diski na kuzigawa katika volyumu) unayoandika inatanguliwa na mistari ya onyo.

Mwongozo huu ni wa kuliondoa. Sehemu kubwa inahusu Linux, na karibu na mwisho nimegusa AIX na HP-UX, yaani Unix za IBM na HP, kwa walio nazo. Kufuta kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi hasa ni kuthibitisha kwamba hakuna anayelitegemea kundi hilo, na ndiyo maana hatua za mwanzo nimezipa nafasi kubwa kuliko zile za kufuta.

Katika mifano yote, kundi tunaloliondoa linaitwa `vg_zamani`, liko kwenye patisheni `/dev/sdc1`, na lina volyumu moja, `lv_hesabu`, iliyokuwa ikimauntiwa (ikiunganishwa ili faili zake zionekane) kwenye folda `/hesabu`. Badilisha majina kulingana na seva yako. Amri zote zinaandikwa kama `root`.

Kwanza: lione lilivyo

LVM ina tabaka tatu. Chini kuna diski au patisheni zilizotiwa lebo ya LVM, katikati kuna kundi linalozikusanya, na juu kuna volyumu zilizokatwa kutoka kwenye kundi. Nyumba hubomolewa kuanzia bati, si msingi. Na hapa ni hivyo hivyo: volyumu kwanza, kundi baadaye, diski mwisho.

```
pvs -o pv_name,vg_name,vg_uuid,pv_size
vgs
lvs -a -o vg_name,lv_name,lv_attr,lv_size,devices
lsblk -o NAME,SIZE,TYPE,MOUNTPOINT,MODEL,SERIAL
```

Nakili majibu ya amri hizi kwenye faili au daftari kabla ya kugusa chochote. Namba ya mfululizo ya diski kwenye safu ya SERIAL ndiyo ya kuamini. Jina kama `/dev/sdc` linaweza kubadilika seva ikiwashwa upya, hasa diski moja ikishatolewa. Namba iliyochapwa kwenye diski haibadiliki.

Sasa tazama safu ya `Attr` kwenye `lvs`. Utaona kitu kama `-wi-ao----`. Herufi ya tano ikiwa `a`, volyumu ipo hai. Ya sita ikiwa `o`, kuna kitu kimeifungua sasa hivi. Wengi hutazama `df` tu, wasipoona volyumu pale wanadhani haitumiki. Hilo si kweli. Volyumu inaweza kuwa diski ya mashine pepe ya KVM, au ikawa swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), na `df` isiseme neno. Herufi `o` haifichi.

Pili: tafuta anayelitumia

Hapa usiwe na haraka. Anza na yaliyo wazi:

```
findmnt | grep zamani
swapon --show
fuser -vm /hesabu
exportfs -v
```

Amri ya `fuser` inaonyesha programu zilizofungua faili ndani ya `/hesabu`. Ya `exportfs` inaonyesha kama folda hiyo inagawiwa kwa kompyuta nyingine kwa njia ya NFS. Kama kompyuta za Windows za wahasibu zinachukua faili kwenye seva, fungua pia `/etc/samba/smb.conf` utafute njia ya folda. Penye mashine pepe, andika `virsh list --all`, kisha `virsh domblklist` kwa kila mashine, hata zile zilizozimwa. Mashine iliyozimwa haitaonyesha `o`, lakini mwenye nayo anaweza kuiwasha kesho.

Kisha yaliyofichika:

```
grep -rn -e vg_zamani -e /hesabu /etc /usr/local /opt /root /var/spool/cron 2>/dev/null
blkid /dev/vg_zamani/lv_hesabu
```

`blkid` inakupa UUID, yaani utambulisho wa kipekee, ya mfumo wa faili uliomo kwenye volyumu. Itafute nayo kwa `grep` kwenye `/etc`, kwa sababu `/etc/fstab` (orodha ya vinavyomauntiwa seva ikiwaka) ya seva nyingi haitaji jina la kundi bali UUID peke yake.

Angalia pia kama kuna faili iliyobadilika hivi karibuni:

```
find /hesabu -xdev -type f -mtime -90 | head
```

Ikitoa majina, simama. Kundi hilo halijaachwa. Kuna skripti au mtu anayeandika humo. Mtafute kabla ya kuendelea. Muulize mhasibu, muulize aliyefunga mfumo, muulize hata karani wa zamani ikiwezekana. Katika ofisi zetu habari nyingi za seva hazikuandikwa popote, ziko vichwani mwa watu, na simu moja kwa fundi aliyehamia Iringa inaweza kukuokolea taarifa za wanachama za miaka kadhaa.

Tatu: bakapu mbili, si moja

Ya kwanza ni ya data yenyewe. Maunti volyumu kwa kusoma tu kama haijamauntiwa, kisha nakili kwenda diski ya nje:

```
mkdir -p /hesabu
mount -o ro /dev/vg_zamani/lv_hesabu /hesabu
tar -C / -czf /mnt/nje/hesabu.tar.gz hesabu
tar -tzf /mnt/nje/hesabu.tar.gz > /dev/null && echo sawa
```

Mstari wa mwisho unasoma bakapu yote kuhakikisha haikuharibika. Bakapu ambayo hujaisoma usiihesabu.

Ya pili ni ya ramani ya kundi, yaani metadata:

```
vgcfgbackup -f /root/vg_zamani.cfg vg_zamani
```

Hii ni faili ndogo ya maandishi, unaweza hata kuifungua na kuisoma. Haina data, ina mpangilio tu: volyumu ipi imeanzia wapi kwenye diski ipi. LVM hujiwekea nakala zake kwenye `/etc/lvm/backup` na `/etc/lvm/archive`, lakini chukua ya kwako pia uitoe nje ya seva. Ukifuta volyumu kimakosa na diski bado haijaandikwa juu yake, `vgcfgrestore` inaweza kurudisha mpangilio huo na data ikaonekana tena. Kuna sharti moja. Tazama `issue_discards` kwenye `/etc/lvm/lvm.conf`. Ikiwa 1 na diski ni SSD, kufuta volyumu kunaiambia diski itupe na yaliyomo, na hapo ramani haitakusaidia kitu. Kawaida yake ni 0. Hakikisha.

Nne: ondoa mstari wa fstab kabla ya kuzima

Mpangilio huu nausisitiza kwa sababu ya umeme wetu. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi zinapopiga Mbeya au Njombe umeme unaweza kukatika wakati wowote, na UPS ndogo haikai muda mrefu. Ukizima kundi huku mstari wake ungali kwenye `/etc/fstab`, kisha umeme ukatike, seva ikiwaka itaisubiri volyumu hiyo sekunde 90, itaikosa, na itaingia hali ya dharura ikiomba nywila ya `root` kwenye skrini. Mtandao haujawaka, SSH ya kuingilia ukiwa mbali haipo. Kama wewe uko Iringa na seva iko Mafinga, hiyo ni safari ya kilomita 80 hivi kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi.

Kwa hiyo fungua `/etc/fstab`, weka alama ya `#` mbele ya mstari unaohusika (usiufute bado), kisha:

```
systemctl daemon-reload
findmnt --verify
```

Usiruke `daemon-reload`. Bila hiyo, systemd (programu inayosimamia kuwaka kwa seva na huduma zake) inaendelea kukumbuka mstari wa zamani na inaweza kuimaunti tena volyumu uliyoishusha.

Kuna sehemu nyingine ambayo watu huisahau: mstari wa kuwashia kerneli, yaani kiini cha Linux. Angalia `cat /proc/cmdline`. Ukiona `rd.lvm.lv=vg_zamani/...` au `resume=` inayoelekeza kwenye swapu ya kundi hilo, lazima iondoke. Kwenye Red Hat na jamaa zake:

```
grubby --update-kernel=ALL --remove-args="rd.lvm.lv=vg_zamani/lv_swap"
dracut -f
```

Kwenye Debian na Ubuntu, hariri `/etc/default/grub` na, kama ipo, `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, kisha andika `update-grub` na `update-initramfs -u`.

Tano: zima, kisha usubiri

```
umount /hesabu
vgchange -an vg_zamani
vgchange --setautoactivation n vg_zamani
```

Kama kuna swapu, tanguliza `swapoff`. Amri ya pili ikifaulu itakujibu kwamba volyumu 0 ziko hai. Ikikataa kwa kusema volyumu inatumika, rudi hatua ya pili. Kuna kitu hukukiona. Amri ya tatu inalizuia kundi lisijiwashe seva inapowaka. LVM ya zamani haina chaguo hilo. Hapo tumia `auto_activation_volume_list` ndani ya `lvm.conf`, ukiorodhesha makundi unayoyataka pekee, na usisahau lile lenye mfumo wenyewe.

Sasa kundi lipo, data ipo, lakini hakuna anayeweza kuifikia. Liache hivyo. Kwa SACCOS, vuka walau mwisho mmoja wa mwezi, kwa sababu zipo skripti zinazoamka siku ya kufunga mahesabu tu. Kwa AMCOS ya kahawa, kama umezima katikati ya msimu, ngoja hadi wakulima walipwe. Shule ingoje matokeo ya muhula yatoke. Mkubwa wa ofisi anaweza kukuharakisha akitaka nafasi ya diski leo. Mweleze kwamba kundi lililozimwa linarudishwa kwa amri mbili, na lililofutwa linarudi kwa bahati. Mimi ningekubali kununua diski ya ziada kuliko kufupisha muda huu.

Mtu akija kulalamika:

```
vgchange -ay vg_zamani
mount /dev/vg_zamani/lv_hesabu /hesabu
```

Sita: futa

Muda umepita, hakuna aliyeuliza. Hakikisha tena kwa `pvs` kwamba `/dev/sdc1` bado ndiyo ile ile na namba ya mfululizo inalingana na uliyoandika. Kisha, moja baada ya nyingine:

```
lvremove vg_zamani/lv_hesabu
vgremove vg_zamani
pvremove /dev/sdc1
```

Tahadhari kwenye mstari wa kwanza. `lvremove` huomba uthibitisho kwa volyumu iliyo hai. Yetu tumeizima, kwa hiyo inaweza kufutwa papo hapo bila swali. Soma mstari wote kabla ya kubonyeza Enter, na usiongeze `-f` wala `-y` kwa mazoea.

`pvremove` inafuta lebo ya LVM iliyo mwanzoni mwa patisheni. Andika `wipefs /dev/sdc1` na `wipefs /dev/sdc` uone kama kuna alama nyingine zilizobaki, za RAID ya zamani kwa mfano. Bila chaguo lolote amri hiyo inaonyesha tu, haifuti. Kwenye Red Hat 9 na jamaa zake, andika pia `lvmdevices`. Kama diski ingali kwenye orodha, iondoe kwa `lvmdevices --deldev /dev/sdc1`. Mwisho futa kabisa ule mstari wa fstab uliouwekea `#`.

Diski ilishatolewa au imekufa

Hali hii hutokea sana. Mtu alichomoa diski bila kuaga, na kila `vgs` sasa inalia kwamba haioni kifaa chenye UUID fulani. Kwenye `pvs` utaona `[unknown]`, na kwenye safu ya `Attr` ya `vgs` kuna herufi `p`, yaani kundi lina pengo.

Kabla ya yote, hakikisha diski kweli haipo. Kebo iliyolegea, au kidhibiti cha RAID kilichoyumba baada ya umeme kurudi kwa kishindo, huleta dalili zile zile. Soma `dmesg`, fungua kasha, sukuma kebo. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu amri inayofuata haina huruma kwa diski itakayorudi baadaye:

```
vgreduce --removemissing vg_zamani
```

Ikiwa kuna volyumu iliyokuwa na kipande chake kwenye diski iliyopotea, amri itakataa. Ukiongeza `--force`, itazifuta volyumu hizo zote, hata sehemu zilizo kwenye diski ambazo hazijaharibika. Baada ya hapo `vgremove` na `pvremove` kama kawaida.

Kama diski zote za kundi zimekwenda, `vgs` haitalionyesha kabisa, lakini kerneli inaweza kuwa ingali imeshika ramani yake na kutoa makosa ya kusoma kila dakika. Iangalie kwa `dmsetup ls`, kisha:

```
umount -l /hesabu
dmsetup remove vg_zamani-lv_hesabu
```

Kumbuka kwamba kistari kilichomo ndani ya jina huandikwa mara mbili humo: `ubuntu-vg` huonekana kama `ubuntu--vg`. Na usithubutu kuandika `dmsetup remove_all` kwenye seva inayofanya kazi.

Makundi mawili yenye jina moja

Umechukua diski ya seva ya zamani ya Ubuntu ukaichomeka kwenye seva mpya ya Ubuntu ili unakili data. Zote mbili zina `ubuntu-vg`, maana ndilo jina ambalo programu ya usakinishaji huliweka yenyewe. LVM inalalamika kwamba jina limejirudia. Usifute kwa jina hapa, hata kidogo. Tambua kwanza kundi lenye mfumo unaotumika sasa, kwa `lsblk` na ile orodha ya `pvs` yenye UUID za makundi, kisha lipe jina jipya lile la mgeni kwa kutumia UUID yake:

```
vgrename UUID-YA-KUNDI-LA-MGENI vg_zamani
```

Kuanzia hapo fuata hatua za juu. Kama diski ilinakiliwa nzima kwa `dd`, UUID nazo zitakuwa sawa na `vgrename` haitoshi. Tumia `vgimportclone -n vg_zamani /dev/sdc1`, ambayo inatoa jina na UUID mpya kwa nakala.

Washa upya ukiwa pale pale

Usiondoke kabla ya kuiwasha upya seva mbele ya macho yako, baada ya saa za kazi, ukiwa na skrini na kibodi. Ikiwaka yenyewe hadi mwisho bila kusubiri, angalia `systemctl --failed` na `journalctl -b -p err`. Jina `vg_zamani` lisionekane popote.

Kwa wenye AIX au HP-UX

LVM ya Linux, iliyoandikwa mwanzoni na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, ilifuata mfano wa HP-UX, na ndiyo maana amri nyingi zina majina yale yale. Lakini `vgexport` ni tofauti, na tofauti hiyo inaweza kukuponza. Kwenye Linux inaliwekea kundi alama tu kwamba limesafirishwa. Kwenye HP-UX inaliondoa kwenye `/etc/lvmtab` na kufuta folda yake ya `/dev`, data ikibaki salama kwenye diski:

```
vgchange -a n /dev/vgzamani
vgexport -p -v -m /tmp/vgzamani.map /dev/vgzamani
vgexport -v -m /tmp/vgzamani.map /dev/vgzamani
```

Mstari wa pili, wenye `-p`, ni wa kujaribu bila kubadilisha kitu. Tunza hiyo faili ya ramani. Ndiyo yenye majina ya volyumu ukitaka kulirudisha kundi.

Kwenye AIX, baada ya `umount`:

```
varyoffvg zamanivg
exportvg zamanivg
rmdev -dl hdisk3
```

`exportvg` inaondoa kumbukumbu za kundi kwenye ODM (hifadhidata ya mipangilio ya AIX) na kwenye `/etc/filesystems`, haigusi data. Ukijuta, washa `cfgmgr` ili diski ionekane tena, kisha `importvg -y zamanivg hdisk3`, baada ya kuhakikisha kwa `lspv` kwamba namba ya hdisk haijabadilika.

Diski yenyewe iende wapi

Hakuna hata moja ya amri za hatua ya sita iliyofuta data. Zimefuta ramani. Mwenye programu ya kufufua faili anaweza kusoma majina, namba za simu na mikopo ya wanachama kutoka kwenye diski hiyo akiwa amekaa kibandani sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kulinda taarifa hizo ni wajibu wa kisheria wa taasisi, mbali na kuwa ni haki ya mwanachama aliyekuamini.

Kwa diski ya sahani zinazozunguka:

```
shred -v -n 1 /dev/sdc
```

Hakikisha namba ya mfululizo kwa mara ya mwisho kabla ya kubonyeza Enter. Diski ya terabaiti kadhaa itachukua saa nyingi, kwa hiyo iendeshe ndani ya `tmux` na seva ikiwa kwenye UPS. Kwa SSD `shred` haitoshi, kwa sababu SSD hutunza nakala za vipande mahali ambapo mfumo haufiki; tumia amri ya kujifuta iliyo ndani ya diski yenyewe, kama `nvme format --ses=1` kwa zile za NVMe, ukitaja kifaa husika. Diski iliyokufa ambayo haiandikiki itoboe kwa drili mbele ya mjumbe wa bodi au mhasibu, ninyi wawili mkatie sahihi kwenye karatasi moja yenye namba ya mfululizo ya diski, tarehe, na mahali ilipo bakapu. Karatasi hiyo iwekwe kwenye faili la vifaa vya ofisi, pamoja na nakala iliyochapwa ya `vg_zamani.cfg`, ili mkaguzi akija aione.